Je, Wajua? Chai ya Saa Tisa Usiku, Katikati ya Bahari

Sogea kidogo nikae. Leo nina habari za meli za kitalii, za trei zinazotembea usiku na za bakshishi, na kila habari inataka kutoka kwanza.

Je, wajua kwamba unaweza kuwa katikati ya bahari, nchi kavu haionekani upande wowote, saa tisa za usiku, ukanyanyua simu ya chumbani na baada ya muda mtu akakupigia hodi na trei ya chakula cha moto? Meli kubwa za kitalii zina jiko lisilolala. Saa 24, siku 7 za wiki!

Meli yenyewe ni kubwa kiasi gani? Chukua Icon of the Seas, iliyoanza kubeba watalii Januari 2024 kutoka Miami. Urefu wake ni mita 365 na ina sitaha 20. Panga viwanja 3 vya mpira, kimoja nyuma ya kingine, na bado meli inavipita.

Humo wanaingia abiria hadi 7,600 na wafanyakazi 2,350. Karibu watu 10,000 wanaelea pamoja! Piga hesabu mwenyewe: kwa kila abiria 3 yupo mfanyakazi 1.

Titanic unaijua, nani asiyeijua? Mwaka 1912 hakukuwa na meli kubwa kuliko hiyo duniani, tani 46,328 kwa vipimo vya ukubwa wa meli. Icon ni tani 248,663. Titanic 5 zingemezwa humo na nafasi ikabaki.

Sasa niambie, Icon ni meli ya nchi gani? Imeundwa Turku, Finland. Makao makuu ya kampuni yake, Royal Caribbean, yako Miami, lakini kampuni imesajiliwa Liberia, na bendera inayopepea tezini ni ya Bahamas. Ongeza wafanyakazi kutoka nchi zaidi ya 60, halafu ujibu tena.

Je, wajua kwamba zamani watu walipanda meli kwa sababu walikuwa na mahali pa kwenda, basi? Meli ya kwanza iliyoundwa kwa ajili ya starehe peke yake ni Prinzessin Victoria Luise, iliyoteremshwa majini Hamburg mwaka 1900, wazo la Mjerumani Albert Ballin. Haikuzeeka. Desemba 1906 ilipanda mwamba huko Jamaica ikaishia hapohapo, abiria wakatoka salama.

Turudi chumbani, kwenye ile trei. Kwenye meli za Royal Caribbean, tangu 2017, kuletewa chakula chumbani kuna ada ya dola 7.95, na juu yake bakshishi ya asilimia 18. Uagize sahani 1, uagize 6 kwa mara moja, ada haibadiliki. Kwa hiyo waite jamaa zako wote chumbani kwanza, ndipo upige simu.

Lakini sikiliza siri hii: kifungua kinywa chepesi, yaani mkate, matunda, maziwa, kahawa, huletwa bure. Usiku unatia alama kwenye kadi, unachagua na saa, unaitundika kwenye kitasa cha mlango kwa nje, unalala. Kuna mtu anayepita usiku kwenye zile korido ndefu akiokota kadi moja moja. Asubuhi hodi inakuja saa uliyoandika.

Meli za Disney hazitozi ada ya kuleta. Hata usiku wa manane, chakula cha kawaida kinafika bila senti. Bakshishi hapo ni wewe na moyo wako.

Na hii je? Kampuni ya Virgin Voyages ilipoanza kubeba abiria mwaka 2021, iliweka kitu kwenye programu yake ya simu: tikisa simu yako, kitufe kinatokea, unakibonyeza, na mhudumu anakutafuta popote ulipo melini akiwa na chupa ya shampeni. Unatikisa tu! Kama mtu anayekung'uta mchanga kwenye ndara.

Ngoja, ipo nyingine inayofanana nayo. Meli za Princess zinakupa kidude cha duara, kidogo kama sarafu, ukivae. Mlango wa chumba chako unakitambua na kufunguka. Ukiagiza kinywaji kwa simu kisha ukahama kutoka bwawani kwenda ghorofa nyingine, kinywaji kinakufuata, kwa sababu mhudumu anaona ulipo.

Meli za Carnival zinakuletea piza popote ulipoketi. Huduma hiyo ilianza 2019.

Mwaka huohuo meli ya MSC Bellissima ilikuja na Zoe, sauti ya kompyuta inayokaa chumbani na kujibu maswali ya mgeni kwa lugha 7. Kiswahili hakikuwamo. Zoe ana deni letu.

Na mwaka 2014 kwenye Quantum of the Seas walifunga mikono 2 ya roboti nyuma ya kaunta, ichanganye vinywaji bila mtu kugusa bilauri. Je, wajua kwamba vinywaji vya roboti hao viliongezewa bakshishi ya asilimia 18 kama vya mhudumu mwenye damu na mgongo unaouma? Soma tena, hujakosea.

Mbwa nao wana mhudumu wao! Queen Mary 2, inayovuka Atlantiki kati ya Southampton na New York, ina vibanda 24 vya wanyama na mfanyakazi maalumu wa kuwalisha na kuwatembeza. Sitahani wamewekewa bomba la zimamoto la mitaa ya New York na nguzo ya taa ya Kiingereza, ili kila mbwa ajisaidie kwa desturi za kwao. Paka hulipiwa vibanda 2: kimoja cha kulala, kingine cha choo.

Unatandika kitanda chako asubuhi? Kwenye Seven Seas Splendor, iliyoanza safari 2020, kuna mhudumu anayetandika kitanda cha dola 200,000. Ni cha chumba 1 tu, kimetengenezwa na Waswidi, na shuka lake linatakiwa linyooke kama mashuka mengine yote.

Icon ina chumba cha familia chenye ghorofa 3, na watoto hushuka chini kwa mtelezo, siyo ngazi. Mwenye kukisafisha anapanda ngazi.

Mayai? Symphony of the Seas hutumia kama mayai 60,000 kwa wiki moja. Fikiria trei zake tu zimepangwa dukani kwa Mangi: trei 2,000!

Sasa tuingie kwenye bakshishi yenyewe, maana hapa ndipo pananoga.

Neno hili tumelipata kutoka Kiajemi, na safari yake ni ndefu kuliko ya meli nyingi. Ukilitamka Cairo wanakuelewa, Istanbul wanakuelewa, Mumbai wanakuelewa. Lakini Waswahili hatukuridhika na moja, tukaunda letu: kiinua mgongo. Mtu ameinama siku nzima, unampa kitu ainuke! Sijaona lugha iliyolisema jambo hili vizuri zaidi.

Je, wajua kwamba zamani kwenye meli hizi usiku wa mwisho ulikuwa usiku wa bahasha? Abiria alikuta bahasha chumbani: hii ya anayesafisha chumba, hii ya mhudumu wa meza, hii ya msaidizi wake, hii ya mkuu wao. Alitia noti, akaenda kula chakula cha mwisho, akamkabidhi kila mtu mkononi. Macho kwa macho. Wapo waliokula vizuri wiki nzima, na usiku wa bahasha wasionekane kabisa mezani.

Ndiyo maana siku hizi kampuni nyingi za Marekani hukata zenyewe kwenye akaunti yako, kila siku, kwa kila kichwa. Royal Caribbean, kuanzia Novemba 2024, ni dola 18.50 kwa vyumba vya kawaida na 21 kwa vile vikubwa vya kifahari. Familia ya watu 4 kwa usiku 7 ni dola 518. Hiyo ni bakshishi peke yake, nauli hujaigusa!

Carnival hawamkati mtoto asiyetimiza miaka 2. Ingawa ukiuliza nani anayechafua chumba kuliko wote, jibu unalo.

Fedha hizo hazimwendei nahodha. Kapteni na maofisa wake hawapewi bakshishi, wala usijaribu. Zinawaendea wa vyumbani, wa mezani, na wengine wa huduma wanaofanya kazi nyuma ya mlango usiouona.

Na je, unajua kwamba kwenye meli nyingi abiria anaweza kwenda dawati la huduma akaomba makato hayo yafutwe? Wapo wanaofanya hivyo siku ya mwisho, sanduku mkononi. Mimi nalisema wazi: aliyetandikiwa kitanda siku 7 asiende kwenye dawati hilo.

Kuna waliokata shauri tofauti. P&O Cruises ya Uingereza iliondoa makato ya bakshishi mwaka 2019, gharama ikawa ndani ya nauli. Regent Seven Seas nao wanajumlisha kila kitu mapema. Unalipa mara moja, unasahau.

Japani ni dunia nyingine. Acha noti mezani na mhudumu anaweza kukukimbilia barabarani akurudishie, akidhani umeisahau. Meli ya Kijapani Asuka II haidai bakshishi.

Na Marekani, nchi inayoongoza kwa bakshishi, iliwahi kuipiga marufuku! Jimbo la Washington lilitunga sheria ya kuikataza mwaka 1909, mengine kadhaa yakafuata. Kufikia 1926 sheria hizo zote zilikuwa zimefutwa.

Shuka nami sasa chini ya maji, wanakokaa wahudumu wenyewe. Wafanyakazi wengi hulala kwenye sitaha za chini kabisa, chumba kimoja watu 2, kitanda juu ya kitanda, dirisha hakuna. Mgeni juu analipia kuiona bahari. Huyu wa chini yuko ndani yake.

Kwenye meli nyingi, korido kuu ya wafanyakazi, inayokwenda kutoka omo hadi tezi, inaitwa I-95. Ndilo jina la barabara kuu ya Marekani inayotoka Miami hadi Maine, zaidi ya kilomita 3,000. Mikokoteni ya taulo, sinia, masanduku, watu wa mataifa yote wakipishana mabega: hapo hapalali.

Je, wajua kwamba sheria ya kimataifa inaruhusu baharia afanye kazi hadi saa 72 kwa wiki? Ni mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, na Kenya iliuridhia 2014. Unadai apate angalau saa 10 za kupumzika katika kila saa 24, na nauli ya kumrudisha kwao mkataba ukiisha ilipwe na mwenye meli.

Mikataba ya wahudumu kwa kawaida ni miezi 6 hadi 9. Kwa wengi wao hakuna Jumapili humo katikati. Ukisikia mtu amekaa melini miezi 8, elewa amefanya kazi kila siku ya miezi hiyo 8.

Wafilipino ndio wamejaa kuliko wote. Mwaka 2023 mabaharia wa Ufilipino, wa meli za kitalii na za mizigo, walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 6. Bilioni! Shule, nyumba, na dawa za wazee zimo humo.

Ukisikia kipaza sauti melini kinasema "Oscar, Oscar, Oscar," kwenye meli nyingi maana yake mtu ameanguka baharini. Alpha ni mgonjwa. Bravo ni moto. Ni lugha ya wafanyakazi, wakimbie kazini bila abiria kupata kiwewe. Sasa nawe unaijua, tulia.

Na yule anayekuletea chai anaweza kuzima moto! Wafanyakazi hupitia mafunzo ya usalama: moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza. Kila mmoja ana kituo chake cha dharura. Baada ya Costa Concordia kupinduka Italia mwaka 2012, kanuni ilikazwa: tangu 2015 abiria wapya hufundishwa mahali pa kukusanyika kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka.

Hapa nikae kidogo, maana hadithi hii siichoki. Agosti 1991 meli ya Kigiriki Oceanos ilitoka East London, Afrika Kusini, ikielekea Durban. Bahari ilichafuka, maji yakaingia, taa zikazimika. Nahodha aliondoka kwa helikopta wakati abiria wengi bado wako melini. Nani alibaki kuongoza uokoaji? Wanamuziki! Mpiga gitaa Moss Hills na mkewe Tracy, pamoja na watumbuizaji wenzao, waliwapanga watu na kuwafunga mikanda ya helikopta mmoja mmoja. Hills ndiye aliyeshika redio kuomba msaada, na alipoulizwa cheo chake melini akajibu kwamba yeye ni mpiga gitaa. Oceanos ilizama. Watu waliokuwamo walikuwa 571. Waliookolewa ni 571.

Sema mashallah, kisha nikupe ya Violet Jessop.

Huyu alizaliwa Argentina mwaka 1887, akawa mhudumu wa vyumba vya meli. Mwaka 1911 alikuwa ndani ya Olympic ilipogongana na manowari ya Uingereza, alitoka salama. Mwaka 1912 alikuwa ndani ya Titanic; aliteremshwa kwa mashua, mkononi amepewa mtoto mchanga wa watu amshike. Mwaka 1916, akiwa muuguzi, alikuwa ndani ya Britannic ilipozama bahari ya Ugiriki. Akatoka hai tena! Meli 3 ndugu, ajali 3, mwanamke 1. Na alieleza kwamba baada ya Titanic alichokikosa sana ni mswaki, kwa hiyo Britannic ilipoanza kuzama akauchukua kwanza. Aliendelea na kazi ya bahari kwa miaka mingi, akafariki 1971.

Je, wajua mhudumu wa Titanic alilipwa kiasi gani? Pauni 3 na shilingi 15 kwa mwezi, na bakshishi ndiyo iliyomlisha. Kapteni alipata zaidi ya pauni 100. Na hili ni chungu, lakini ni kweli: mishahara ya wafanyakazi ilihesabiwa hadi saa nane na dakika 20 usiku wa Aprili 15, meli ilipozama. Baada ya hapo, hakuna mshahara.

Meli kubwa ya kitalii yenye bendera ya Marekani ipo 1 tu: Pride of America. Sheria ya 1886 inazuia meli za kigeni kuchukua abiria bandari moja ya Marekani na kuwashusha nyingine, kwa hiyo yeye peke yake anazunguka visiwa vya Hawaii wiki nzima bila kugusa nchi nyingine. Wafanyakazi wake karibu wote ni Wamarekani.

Uko Dubai? Nenda Port Rashid ukalale ndani ya QE2. Meli hii maarufu ya Uingereza, iliyosafiri karibu maili milioni 6 za baharini, ilifika huko 2008 na tangu 2018 ni hoteli. Huduma ya chumbani ipo, mawimbi hakuna.

Umewahi kurudi chumbani ukakuta tembo kitandani? Wahudumu wa vyumba hukunja taulo zikawa tembo, nyani, bata, kamba wa baharini. Nyani huwa ananing'inizwa kwenye hanga, na wapo wanaomvalisha miwani ya mgeni.

Lakini ajabu ninayoipenda kuliko zote ni siku ya kubadilisha wageni. Asubuhi abiria wanashuka na masanduku yao, maelfu. Kabla ya jua la utosi maelfu wengine wameanza kupanda. Katika saa hizo chache kila shuka limevuliwa, kila choo kimesuguliwa, kila taulo imebadilishwa, vyumba 2,805 kwenye Icon peke yake, na alasiri ileile meli inang'oa nanga. Mgeni mpya anaingia, anajitupa kitandani, na kwake yeye hakuna aliyewahi kulala hapo.

Mombasa kipo chuo cha mabaharia, Bandari Maritime Academy, na vijana wa Kenya wamepita hapo wakaenda kufanya kazi kwenye meli za MSC Cruises. Hao ni watoto wetu, wako kwenye korido zile usiku huu.

Kwa hiyo ukibahatika kupanda, tazama kifuani pa anayekuletea chai. Kwenye meli nyingi kibandiko cha jina huandikwa na nchi anakotoka. Ukisoma Kenya, ukisoma Tanzania, pokea trei kwa mikono miwili, umwinue mgongo, na umuulize kwa Kiswahili: habari za nyumbani?